Sifa za Mkwangua Kioo

Wafugaji wengi wa samaki wa mapambo wana wasaidizi. Kioo cha tangi kikianza kuota kijani, mtu hununua konokono wachache na uduvi kidogo, akawaachia kazi ya kulamba, akaenda zake. Mfugaji wa bunju hana bahati hiyo. Konokono akitumbukizwa kwa bunju hawahi hata kutoa kichwa. Samaki humzunguka taratibu, jicho moja kwa konokono na jingine kwa mwenye nyumba, maana macho yake hutembea kila moja kivyake. Kisha husikika mlio mkavu, na vipande vya gamba vinashuka mchangani. Msaidizi amegeuka kitoweo.

Tusimlaumu. Bunju ana meno manne yaliyoungana mfano wa mdomo wa kasuku, nayo hayaachi kukua maisha yake yote. Asipopata kigumu cha kusaga, meno humzibia kinywa akafa njaa chakula kikiwa mbele yake. Kwa hiyo konokono, kome na kaa wadogo hana budi kuwapata. Tabu ni kwamba hula kwa fujo: hung'ata, hutema, husambaza, na choo chake si haba. Uchafu huo hutoa amonia. Bakteria walioko kwenye kichujio huigeuza amonia kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati, na hapo kazi yao huishia. Nitrati hiyo, pamoja na fosfati inayotoka kwenye nyama iliyobaki, ndiyo mbolea ya mwani. Bila kutia chumvi, tangi la bunju ni shamba linalotiwa samadi kila anapolishwa.

Chumvi yenyewe nayo ina neno lake. Kati ya bunju wanaofugwa sana wako wawili wa Asia: yule wa kijani mwenye madoa, Dichotomyctere nigroviridis, na mdogo wake mwenye michoro inayofanana na tarakimu ya 8, Dichotomyctere ocellatus. Kwao ni midomo ya mito na mikokoni, mahali ambapo maji si ya mto wala si ya bahari. Huyu mdogo hutosheka na kama gramu 7 za chumvi ya bahari kwa lita; yule wa madoa, akikua, hutaka zaidi. Bahari yenyewe ina kama 35. Kwenye maji ya katikati namna hiyo mimea mingi ya maji baridi hunyauka, na ya baharini bado haijapata chumvi yake. Anayebaki akistawi bila kubembelezwa ni mwani.

Ndipo unapouona ufundi. Fundi hakimbilii wembe. Husoma rangi kwanza. Utando wa kahawia unaofutika kwa kidole ni wa tangi jipya, unakula silika, na mara nyingi huondoka wenyewe. Vidoa vya kijani vilivyong'ang'ania kioo huonyesha mwanga mwingi. Nyuzi ndefu za kijani ni dalili ya mbolea iliyozidi. Shuka laini la kijani cha bluu, lenye harufu mbaya na linalobanduka vipande vipande, si mwani hata kidogo. Hao ni saianobakteria, na mara nyingi hutokea pale mkondo wa maji haufiki na uchafu umelala. Hilo halikwanguliwi, hufyonzwa kwa mpira, kisha chanzo chake kikatafutwa.

Dawa za dukani zipo, na nyingine zina shaba. Bunju hana magamba ya kumkinga kama samaki wengine, na shaba humdhuru upesi. Kumtilia dawa hiyo ili kioo kipendeze ni ujinga, sina neno laini zaidi. Kinachobaki ni mkono.

Mkono huo una adabu zake. Wembe hulazwa karibu na kioo, ukashuka kutoka juu kwenda chini, ili kilichobanduka kikutane na mpira wa kufyonzea huko chini. Kikwanguo cha sumaku kina raha yake, ila kikikaribia mchanga husimamishwa. Punje moja tu ikinasa katikati huacha mchirizi usiofutika. Na muda wote huo bunju yuko nyuma ya vidole, amekaza macho, anangoja chakula. Akiwa mkubwa hung'ata kweli. Siku hiyo hiyo robo ya maji hadi nusu hubadilishwa, na maji mapya huchanganywa na chumvi na kupimwa kwanza, ndipo yaingie.

Lakini fundi aliyekomaa hukwangua kidogo, kwa sababu ameshamnyima mwani chakula. Taa huwaka saa nane kwa siku, basi. Mabaki huondolewa bunju akishashiba. Wenye tangi la chumvi nyingi huweka chumba kidogo nyuma yake na kulima humo mwani mwingine, Chaetomorpha, ulioviringana kama uzi. Dawa ya moto ni moto. Kina mama wa Paje na Jambiani huko Zanzibar, ambako mwani umelimwa kwa biashara tangu miaka ya mwisho ya 1980, hawahitaji kuelezwa: mwani unaofungwa kwenye kamba hauwekewi mbolea, huchukua chakula chake majini. Ukivunwa kutoka kile chumba, nitrati hutoka nao. Wengine hupanda miche ya mkoko kwa kusudi hilo hilo. Ni mizuri kutazama, ila hukua polepole mno kuweza kushindana na samaki mlafi.

Sasa niwaombe wapenda usafi. Kioo cha mbele kwangueni mpaka king'ae, maana ndicho mnachotazamia. Cha nyuma kiacheni kijani. Utando ule unafyonza nitrati usiku na mchana bila malipo, vijidudu hujificha humo, na bunju, ambaye akikosa la kufanya hupanda na kushuka kwenye kioo siku nzima, hupata mahali pa kuwinda.