Isis: Mganga au Mchawi? Neno Juu ya "Punda wa Dhahabu"

Katika semina yetu wenzangu wengi walikubaliana kwamba sehemu ya mwisho ya Punda wa Dhahabu, riwaya ya Kilatini ya Apuleius ya karne ya 2, ni mahubiri yaliyobandikwa tu mkiani mwa vichekesho. Siku ile nilinyamaza. Makala haya ni jibu langu lililochelewa.

Kwa wasioisoma, kisa ni hiki. Lucius, kijana wa Kigiriki mwenye udadisi wa kupindukia, anamchungulia Pamphile, mke wa mwenyeji wake, akijipaka mafuta na kugeuka bundi. Naye anataka. Kijakazi anakosea kopo, na bwana mkubwa anakuwa punda. Dawa yake ni kula mawaridi tu, lakini anapigwa, anauzwa na kubebeshwa mizigo mpaka kitabu cha 11, cha mwisho. Hapo mungu wa kike Isis anamtokea usiku ufukweni. Kesho yake anakula mawaridi mkononi mwa kuhani, anarudi kuwa mtu, na baadaye anaingizwa katika ibada za siri za Isis.

Wenzangu wanasema: dini imeushinda uchawi, dhamira ndiyo hiyo, tufunge daftari. Taratibu, jamani! Isis mwenyewe ni nani? Wamisri walisimulia kwamba alifinyanga nyoka kwa udongo na mate ya Ra, nyoka akamuuma Ra, naye Isis akakataa kumponya mpaka amtajie jina lake la siri. Aliyetega sumu ndiye aliyeshika dawa. Sisi Waswahili tuna maneno mawili, mchawi na mganga, na mtaani kila mtu anajua jinsi mtu mmoja anavyoweza kuitwa yote mawili. Kwa maoni yangu riwaya hii haitofautishi nguvu na nguvu. Inaonyesha nani anakubalika na nani hakubaliki.

Apuleius aliyajua hayo kwa kuyaonja. Alizaliwa Madaura, katika Aljeria ya leo. Mwaka 158 au 159 alishtakiwa Sabratha, katika Libya ya leo, eti alimroga mjane tajiri Pudentilla ili amwoe. Katika utetezi wake alisema kwamba "magus", neno walilomtupia kwa maana ya mchawi, kwa Waajemi ni kuhani. Kuhusu vitu alivyovificha ndani ya kitambaa, alijibu kwamba vilihusu ibada za siri alizoingizwa, na hatazifichua kwa wasiohusika. Linganisheni na Lucius: akifika penye kiini cha ibada ya Isis, anatuambia wasomaji kwamba kusema ni mwiko. Aliyepitia jando au unyago anaielewa lugha hii. Tena, karibu na mwisho, msimulizi huyu Mgiriki anatajwa ghafla kuwa mtu wa Madaura! Hapo mwandishi kajichomoza mwenyewe.

Basi je, ni ungamo la muumini? Hapana, si hivyo tu. Kila hatua ya ibada ina gharama yake. Kule Roma Lucius anauza mpaka nguo zake, na anapoitwa mara ya tatu anaanza kuwashuku makuhani. Kejeli ipo. Ila sioni kwamba inaifuta furaha yake.

Linalonisumbua mimi ni Pamphile. Mafuta yake ndiyo yaliyoanzisha kisa chote, kisha anatoweka, na jina la mchawi analibaki nalo. Apuleius alipata baraza la kujitetea; Pamphile hakupewa nafasi hiyo. Mwandishi aliyeponea chupuchupu shtaka la uchawi alimwachia mwanamke wa kubuni shtaka lilelile. Huu ndio udhaifu wa riwaya, na si jambo dogo kwetu, maana Shinyanga na Mwanza vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu tu, bila kuulizwa lolote.

Kwa hiyo nasema kitabu cha 11 si kiraka. Ni hukumu ya kesi iliyoanza na bundi, na mshtakiwa mmoja hakusikilizwa. Anayepinga aje na kalamu yake.