Mwembe si mahindi: tuipime klipu ya "kilo mbili za urea"

Huenda nawe umetumiwa ile klipu. Bwana amesimama shambani, nyuma yake mwembe wa kijani unang'aa, anasema: "Mwembe hauzai? Mwagia kilo mbili za urea shinani, utakuja kunishukuru." Mimi nilitumiwa na mjomba wangu wa Mkuranga, akiwa ameshaifuata. Aliweka mwezi wa tano, masika yakiishia. Mwezi wa saba miembe ya jirani ikatoa maua, ya kwake ikatoa majani. Na maembe ndiyo ada ya shule pale nyumbani. "Mjomba, wewe si umesomea haya mambo?" akaniuliza. Basi nimeitazama klipu yote mara tatu, tuipime kwa haki.

Tuanze na alichopatia. Mti ukikosa nitrojeni, majani ya zamani hugeuka manjano na chipukizi hudumaa. Urea inaitibu hali hiyo haraka, maana 46% yake ni nitrojeni. Hadi hapo hakuna ubishi.

Sasa kipimo. Kilo 2 za urea zina gramu 920 za nitrojeni. Tani moja ya maembe huondoka shambani na nitrojeni kilo 1 hadi 2 hivi, kwa hiyo mwembe uliozaa kilo 100 umetoa gramu 100 hadi 200 tu kupitia matunda. Ni kweli mti unahitaji nyingine kwa majani na matawi, na nyingine hupotea njiani. Lakini pengo hilo ni kubwa mno. Urea iliyoachwa juu ya udongo, sehemu yake huruka hewani kama amonia. Kwenye kichanga kama cha Mkuranga, nyingine hugeuka naitreti, ikashuka na mvua hadi kwenye maji ya chini, yaleyale tunayoyachota visimani.

Inayobaki mti unaila, na hapo ndipo klipu inapokosea zaidi. Mwembe hautoi maua kwenye chipukizi changa. Huku kwetu pwani, tawi linatakiwa likomae na kupumzika miezi kadhaa kwanza. Ukiulisha mti nitrojeni nyingi karibu na msimu wa maua, unauamsha utoe majani mapya, na hesabu ya kusubiri inaanza upya. Yaani ule ukijani anaotuonyesha kama ushahidi wa mavuno, kuna wakati ndiyo dalili kwamba mavuno hayapo.

Hata matunda yakija, mambo hayajaisha. Watafiti wa Florida waliona tangu miaka ya 1960 kwamba nitrojeni nyingi kwenye udongo wenye kalsiamu kidogo huongeza maembe yanayolainika na kuharibika ndani kabla ya kuiva vizuri. Kwa nje ni zima, mteja akilikata anakurudishia.

Halafu "shinani". Mizizi mingi inayofyonza chakula haipo pale. Imesambaa chini ya kivuli cha mti. Urea nyingi ikirundikwa sehemu moja huunguza mizizi iliyo karibu.

Kwa nini basi klipu inashawishi? Nadhani ni kwa sababu sote tumelelewa na mahindi. Urea tunaiita mbolea ya kukuzia, na jina halidanganyi: inakuza. Kwenye mahindi, jani lililonawiri hulisha gunzi msimu huohuo. Mwembe unaweza kukua mwaka mzima bila kuzaa hata embe moja.

Simlaumu bwana yule kwa kupenda urea. Namlaumu kwa maswali matatu ambayo hakuyauliza: mti una umri gani, udongo ukoje, na huu ni mwezi gani? Bila majibu hayo, kipimo chochote ni kubahatisha kwa mfuko wa mtu mwingine.

Kama una miembe, pima udongo kwanza. Ikihitajika nitrojeni, igawe kidogo kidogo, uweke baada ya mavuno wakati kuna mvua, chini ya kivuli cha mti, kisha ifukie. Mjomba nimemwambia asiguse urea mwaka huu, aiache miti ipumzike. Amekubali, ila ameniuliza swali ambalo klipu haina jibu lake: "Na ada ya mwaka huu?"