Herufi za Mlazo Zinavyopimwa Simiyu

Makao makuu ya Wilaya ya Itilima yana jina lenye herufi 13: Lagangabilili. Mwandika mabango anayetakiwa kulipanga juu ya kioo cha basi litokalo Bariadi hana nafasi ya kuchezea. Akitumia herufi pana, itambidi apunguze kimo mpaka abiria aliye mbali asione kitu. Ndipo zinapofaa herufi nzito zilizobanwa, za mlazo, zisizo na vikia miguuni: uzito huvuta jicho, kubanwa huokoa nafasi, mlazo huipa kazi mwendo.

Mjuzi huzipima kwa kutazama weupe kabla ya wino. Herufi nzito ikishabanwa, kinachobaki cha kusomeka ni upenyo mdogo ndani ya tumbo la a, g na b, na mwanya kati ya herufi na jirani yake. Mwisho wa Lagangabilili ni mtihani mkali: baada ya b vinafuatana vijiti vitano. Fonti mbovu huvisimamisha kama ua wa miti. Iliyosanifiwa vizuri huachia mianya inayokaribiana na upenyo wa tumbo la b, na nukta za i huelea wazi juu ya vijiti vyake.

Jina la mji wa Mwanhuzi, kule Meatu, hutesa kwa namna nyingine. M na w zina mistari minne kila moja, tena zimekaa bega kwa bega. Fundi makini huikondesha mistari hiyo kidogo na kuipa M upana zaidi kuliko n. Asipofanya hivyo, jina huanza na doa.

Kasoro inayoudhi kuliko zote ni mlazo wa kulazimishwa. Fonti ya Impact, aliyoichora Mwingereza Geoffrey Lee mwaka 1965, imeenea kwa sababu huja na kompyuta za Windows, lakini huja wima tu. Ukiamuru mlazo, kompyuta huisukuma kando bila kuisanifu upya. Itazame O: unene hujaa juu kulia na chini kushoto, na kwingine hukonda. Kuna pia kubana kwa kuminya kwa kipanya. Hapo mistari ya wima ya E na H huwa myembamba kuliko ya mlalo. Kasoro hizi mbili zikikutana kwenye bango moja, hakuna rangi itakayoliokoa.

Simiyu ni mkoa wa wafugaji, kwa hiyo bucha nazo zina kipimo chao: ritifaa ya ng'ombe. Inapaswa kuinama sambamba na herufi, iwe na uzito sawa nazo, isigusane na g. Fonti inayoiacha imesimama wima kama alama ya futi haikukamilishwa.

Mwenye kutafuta mfano mzuri aangalie Barlow Condensed ya Jeremy Tribby, ambayo hutolewa bure. Ina mlazo wake katika kila uzito, mpaka ule mzito kabisa, na ilichota tabia yake kwenye vibao vya barabara, mabasi na treni za California. Kwa bango la basi au duka inaishinda Impact iliyoinamishwa, tena kwa mbali. Nawe unayeagiza bango, usilipe kwa kuangalia kioo cha simu: dai jina lichapwe kwa ukubwa wake halisi, libandikwe ukutani, ulisome ukiwa ng'ambo ya barabara.