Maji Yasiyo na E. coli Bado Yanaweza Kubeba Virusi

Kwa miongo mingi maabara zimepima uchafuzi wa kinyesi majini kwa kumtafuta bakteria E. coli, kwa sababu amejaa utumboni na ni rahisi kumkuza. Kasoro ya kipimo hiki huonekana pale maji yanapotiwa dawa au yanapopenya ardhini. Klorini humuua E. coli upesi, na mchanga humnasa kwa kuwa ana urefu wa takriban maikromita 2. Virusi vya polio na vya homa ya ini aina A vina kipenyo cha takriban nanomita 30 tu, kwa hiyo hupita mahali ambapo bakteria amekwama. Majibu ya maabara yakisema hakuna E. coli, yanatuambia machache mno kuhusu virusi.

Pengo hili huzibwa vizuri na kolifaji, yaani virusi vinavyomshambulia E. coli na visivyomdhuru binadamu. Mojawapo, MS2, ina kipenyo cha nanomita 27 hivi, imebeba RNA na haina utando wa mafuta, sawa na virusi vya polio. Kuzihesabu hakuhitaji mitambo ya gharama. Sampuli ya maji huchanganywa na E. coli wa maabara ndani ya agari laini, ikamiminwa juu ya agari ngumu na kuachwa kwenye joto la nyuzi 37 hadi kesho yake. Bakteria hutanda kama ukungu, na kila kolifaji iliyowaangamiza huacha doa angavu. Madoa ndiyo yanayohesabiwa.

Wapo wanaopinga wakisema kwamba idadi ya kolifaji hailingani kila mara na idadi ya virusi vya magonjwa. Ni kweli, kwa kuwa virusi hivyo huwepo tu watu wanapoambukizwa, ilhali kolifaji hazikosekani katika majitaka ya mji. Lakini hiyo ndiyo faida yake: hutuonyesha kama njia ya virusi iko wazi kabla mlipuko haujatokea. Hoja nzito zaidi ni kwamba si kinyesi cha kila mtu chenye kolifaji, hivyo kisima kilichochafuliwa na choo cha kaya moja kinaweza kuonekana salama. Kwa sababu hiyo nashikilia kwamba vipimo hivi viwili viende pamoja.

Umoja wa Ulaya umeshafuata mwelekeo huo. Kanuni yake ya mwaka 2020 kuhusu majitaka yaliyosafishwa kwa kilimo inataka mtambo wa daraja la juu uthibitishe kwamba unapunguza E. coli mara 100,000 na kolifaji mara 1,000,000. Kwetu, ambako visima vingi vimechimbwa jirani na vyoo vya shimo, haja ni kubwa zaidi. Maabara inayoweza kumkuza E. coli tayari ina sehemu kubwa ya vifaa. Kinachobaki ni mafunzo, na viwango vya taifa vinavyoidai kazi hiyo.