Heko, Mafundi wa Mashine za Boti Lamu

Mafundi wa mashine za boti Lamu wanastahili heko, hasa wanaokubali kushika zile kuukuu. Maji ya chumvi hayana huruma: waya unaonekana mzima kwa nje, kumbe shaba ya ndani imeliwa na kutu ya kijani. Fundi wa kweli hakimbilii kununulisha watu betri mpya. Hupima volti kwenye betri, kisha huufuata waya kiungo kwa kiungo hadi kwenye starta, mpaka aone umeme unapotelea wapi.

Kwenye gia, oili ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Kuongeza oili tu ni kumdanganya nahodha. Fundi wa kweli huvua rafadha akakagua shafti, maana mshipi wa kuvulia uliojizongazonga pale aghalabu ndio uliokata sili.