Dinamo Inayojibu Mkono

Shika dinamo ndogo ya kuzungusha kwa mkono, ambayo bado haijaunganishwa na kitu, uizungushe. Inakwenda kwa wepesi. Sasa gusanisha nyaya zake mbili zenyewe kwa zenyewe, uendelee kuzungusha. Mpini unakuwa mzito papo hapo, kama mtu kaushika kwa upande wa pili. Mimi huanzia hapo kuchagua, kabla sijasoma volti na wati zilizoandikwa ubavuni. Tofauti kati ya wepesi ule na uzito huu ikiwa kubwa, sumaku yake ni nzuri na nguvu za mkono zinaishia kwenye umeme. Ikiwa nzito wakati wote, nyaya zigusane zisigusane, jasho lako linaliwa na giya na beringi.

Uzito huo mwanafizikia Heinrich Lenz aliuwekea kanuni mwaka 1834: umeme unaozaliwa hupinga mwendo uliouzaa. Miaka mitatu kabla yake, huko London, Michael Faraday alikuwa ameonyesha kwamba sumaku ikisogea karibu na koili huzaa umeme. Mwaka 1832 Hippolyte Pixii, mtengenezaji wa vifaa vya kisayansi mjini Paris, akaifunga sumaku kwenye mhimili wenye mkono wa kuzungushia, ikawa inapita chini ya koili mbili. Dinamo unayoichagua leo sokoni ni mjukuu wa kifaa hicho.

Ufundi wake umejificha ndani, na mimi sichoki kuutazama. Chuma kilichozungukwa na koili mara nyingi si bonge moja. Ni vibati vyembamba vilivyopangwa na kubanwa pamoja, kila kimoja kimetengwa na mwenzake kwa vanishi, maana ndani ya chuma cha bonge umeme ungezungukazunguka wenyewe na kukipasha joto bure. Kati ya sumaku na chuma hicho pana nafasi ndogo ya hewa. Ukiipunguza, nguvu ya sumaku inapita vizuri zaidi; ukizidisha kuipunguza, shafti ikiyumba kidogo tu inakwaruza. Kuipata nafasi hiyo na kuilinda kwa miaka ni kazi ya mtu mwenye subira. Halafu kuna waya wa shaba. Waliowahi kumtazama fundi wa kusuka mota wanajua anavyoulaza mzunguko kando ya mzunguko bila kuukwaruza, kwa sababu vanishi ikitoka mahali pamoja tu, koili nzima inaweza kuharibika.

Kwa anayeanza majaribio, ningemwelekeza kwenye printa mbovu. Ile mota inayosogeza karatasi kwa hatua hatua, hasa yenye hatua 200 kwa mzunguko, ni dinamo ya ajabu. Kila mzunguko mmoja wa mkono unatoa mawimbi 50 ya umeme, hivyo taa ndogo ya LED huwaka hata bila giya yoyote. Utahisi vidole vinakwamakwama kidogo: ni meno ya chuma yanayovutwa na sumaku. Mota ya kawaida ya redio ya kaseti nayo inafaa na umeme wake hutoka wa upande mmoja, ila inataka kuzungushwa kwa kasi sana, na brashi zake huchakaa.

Moyo wangu hata hivyo uko kwa dinamo ya baiskeli, ile yenye umbo la chupa, ya volti 6 na wati 3. Igeuze baiskeli miguu juu, kichwa cha dinamo kiguse tairi, kisha zungusha pedali kwa mkono. Gurudumu likizunguka mara moja, kichwa kile kidogo kinazunguka karibu mara 30, na mnyororo umeshaongeza kasi kabla ya hapo. Giya zote unazozihitaji zimeshatengenezwa na watu wa baiskeli, kwa chuma. Na ina hekima nyingine ndani yake: ukienda kasi zaidi, koili yenyewe huuzuia umeme, ukabaki karibu nusu ampea, balbu ikasalimika. Ila mzigo usikatike ghafla, maana volti hupanda sana. Ndiyo sababu balbu ya mbele ikiungua, ya nyuma huifuata. William Kamkwamba wa Malawi, akiwa bado kijana, aliifunga dinamo ya namna hii kwenye kinu chake cha upepo mwaka 2002, akawasha taa na redio nyumbani kwao.

Umeme wa dinamo hiyo ya baiskeli ni wa kwenda na kurudi. Ukitaka kuchaji kitu, weka daiodi nne, kapasita, na kidhibiti cha volti. Chagua daiodi za Schottky, kwa kuwa za silikoni za kawaida hula zaidi ya volti moja zikiwa mbili njiani, na kwenye volti 6 hiyo ni hasara kubwa. Lehemu kila kiungo vizuri, kisha zungusha tena ukisikiliza mkono: mzigo ukiingia, utaujua kabla ya mita kukuonyesha.