Jarida lililobadilisha jina

Galton alipobuni neno 'yujeniki' mwaka 1883, alichota Kigiriki: kuzaliwa vyema. Zuri masikioni, sivyo? Lakini maana yake ilikuwa kuchagua nani azae, kama ng'ombe wa maziwa. Karl Pearson akalianzishia jarida London mwaka 1925, Annals of Eugenics. Mwaka 1954, chini ya Lionel Penrose, likawa Annals of Human Genetics. Wapo wasemao hiyo ni ngozi mpya tu. Mimi nakataa, Penrose alitafiti ulemavu wa akili bila kuwapanga watu kwa daraja. Ila makala ya Fisher kuhusu maua ya airisi, ya 1936, yamo mle mle, na wanafunzi wetu wa takwimu bado huzitumia data zake bila kuambiwa zilikochapishwa. Hapo walimu tumezembea, nami nimo.